Henry Parkes: Jirani Yetu wa Zamani Aliyetaka Reli za Upana Mmoja



Tarehe 14 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Viwango Duniani. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya mwaka 1946, wajumbe wa nchi 25 walipokutana mjini London na kukubaliana kuunda chombo kimoja cha kimataifa cha viwango, yaani ISO, ambacho makao yake yako Geneva, Uswisi. Siku hiyo inapofika, vyombo vya habari vya kwetu huandika juu ya alama ya ubora ya TBS au KEBS, juu ya nondo hafifu, mafuta ya kupikia na sumu kuvu katika mahindi. Ni mambo ya maana na tunayaunga mkono. Lakini sisi tunaoishi hapa Fairfield, magharibi mwa jiji la Sydney, tunaye mtu wetu wa kumkumbuka mwezi Oktoba, na mtu huyo alifariki miaka hamsini kabla ya mkutano ule wa London.

Ukipanda treni katika stesheni ya Fairfield kuelekea Liverpool, kituo kinachofuata ni Canley Vale, na kinachofuata tena ni Cabramatta, ambako wengi wetu tunakwenda Jumamosi kutafuta muhogo na ndizi mbichi. Jina la Canley halikuzaliwa hapa. Lililetwa na Sir Henry Parkes, aliyekuwa na nyumba katika eneo hilo na kulipa jina la mahali alipozaliwa huko Uingereza. Waaustralia wanamwita Baba wa Shirikisho. Sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya dola moja mwaka 1996 na kwenye noti ya dola tano mwaka 2001. Watoto wetu wanasoma habari zake shuleni, kisha wanarudi nyumbani na kutuuliza maswali ambayo hatuna majibu yake. Makala hii ni jaribio la kuwajibu.

Henry Parkes alizaliwa tarehe 27 Mei 1815, karibu na mji wa Coventry. Baba yake alikuwa mkulima wa kupangisha ardhi. Madeni yalimlemea, shamba likapotea wakati Henry angali mtoto mdogo, na familia ikahamia upande wa Birmingham. Shule hakuipata ila kidogo sana. Alifanya kazi mahali pa kusokotea kamba, akavunja mawe barabarani, kisha akafundishwa kazi ya kukereza mifupa na pembe za ndovu.

Hapo kwenye pembe za ndovu, mtu wa Afrika Mashariki lazima asimame kidogo. Miaka hiyo hiyo ndiyo Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akiifanya Unguja kuwa soko kubwa la pembe katika Bahari ya Hindi. Hatusemi kwamba pembe zilizopita mikononi mwa kijana Parkes zilitoka Unyamwezi au Manyema. Tunachosema ni kwamba mafundi wa aina yake walikuwa wamekaa kwenye mwisho wa njia ambayo mwanzo wake, mara nyingi, ulikuwa mabega ya wapagazi wa kwetu.

Mwaka 1836 alimwoa Clarinda Varney. Akafungua karakana yake, ikamshinda. Watoto wao wawili wa kwanza walifariki wakiwa wachanga. Wakaenda London, na huko wakapata nafasi katika meli ya wahamiaji waliolipiwa nauli, iitwayo Strathfieldsaye. Safari ilichukua karibu miezi minne. Siku mbili kabla ya kutia nanga Sydney, tarehe 25 Julai 1839, Clarinda alijifungua mtoto wa kike humo humo melini. Waliteremka bandarini bila ya ndugu wala mwenyeji, na mfukoni hamkuwa na kitu cha kutajika.

Wasomaji wetu wengi hapa Fairfield hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya kuteremka namna hiyo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kibarua katika shamba kubwa la Regentville, karibu na Penrith, kwa miezi sita. Baadaye alirudi mjini, akafanya kazi dukani kwa muuza vyuma, kisha katika kiwanda cha shaba, kisha akawa mtumishi wa chini wa idara ya forodha, wa kulinda shehena melini. Mwaka 1845 alifungua duka lake mtaa wa Hunter, akiuza vitu vya pembe na mapambo. Jioni alikuwa akiandika mashairi na makala za siasa. Tarehe 28 Desemba 1850 alianzisha gazeti lake mwenyewe, The Empire, ambalo kwa miaka michache lilikuwa sauti kubwa ya wale waliotaka serikali inayowajibika kwa wananchi badala ya kutawaliwa na gavana na matajiri wenye mifugo.

Gazeti lilimfanya mwanasiasa, na mwaka 1854 akaingia katika baraza la kutunga sheria. Gazeti hilo hilo lilimfilisi. Lilifungwa mwaka 1858 likiwa na madeni ya karibu pauni 50,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Sisi tuliopitia vyumba vya habari vilivyofungwa kwa kufuli, ama la mdai ama la serikali, tunamwonea huruma hapo. Ila kusema kweli Parkes hakuwa mtu wa hesabu. Alifilisika tena mwaka 1870 na mara nyingine mwaka 1887. Mtu huyu ambaye hakuweza kuweka sawa daftari la duka lake ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa koloni la New South Wales mara tano, kati ya mwaka 1872 na 1891.

Sasa tueleze jambo lenyewe la reli, kwa sababu bila ya kulielewa huwezi kuelewa alichokisema uzeeni.

Reli ni vyuma viwili vilivyolazwa juu ya mataruma. Nafasi kati ya chuma na chuma ndiyo upana wa reli, na behewa lililotengenezwa kwa upana mmoja haliwezi kupita kwenye upana mwingine. Mwaka 1846 Serikali ya Uingereza iliyashauri makoloni ya Australia kutumia upana mmoja, wa futi 4 na inchi 8 na nusu, ambao leo tunauhesabu milimita 1,435. Ushauri ulikuwa mzuri, na wakati huo hakukuwa na reli hata moja ya treni za mvuke katika bara zima. Ilikuwa rahisi kukubaliana.

Kampuni ya reli ya Sydney ilimwajiri mhandisi wa Ki-Ireland, Francis Shields. Yeye alipendelea upana wa kwao, milimita 1,600, na akaishawishi kampuni na serikali. Makoloni jirani, Victoria na South Australia, yakasema sawa, nasi tutafuata huo. Kisha Shields alipunguziwa mshahara, akajiuzulu. Aliyemrithi, James Wallace, alikuwa Mskoti, naye akataka ule wa 1,435. Mwaka 1853 New South Wales ikageuka. Victoria ilikwisha agiza vichwa vya treni na mabehewa ya upana wa 1,600 kutoka ng'ambo, ikakataa kurudi nyuma. Queensland ilipoanza mwaka 1865, ikiwa na fedha kidogo na milima mingi, ilichagua reli nyembamba ya milimita 1,067 kwa sababu ilikuwa nafuu, na Western Australia ikafuata mkondo huo huo wa unafuu.

Kwa hiyo mshahara wa mhandisi mmoja ulichangia kuigawa nchi kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakukuwa na adui. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na kila sababu ukiitazama peke yake ina akili. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuwaketisha wote meza moja kabla ya chuma cha kwanza kulazwa.

Njia ya treni iliyopita hapa kwetu, kutoka upande wa Parramatta hadi Liverpool, ilifunguliwa mwezi Septemba 1856. Jengo la zamani la stesheni ya Fairfield ni la mwaka huo huo, na ni moja ya majengo ya reli ya zamani kabisa yaliyobaki katika New South Wales. Upana wa reli yake ni 1,435. Ukiifuata njia hiyo kuelekea kusini, ilifika hatimaye mpakani, mji wa Albury, na mwaka 1883 ikakutana na njia ya Victoria. Zilikutana kama watu wawili wanaosalimiana kwa lugha tofauti. Abiria wa Sydney kwenda Melbourne aliamshwa usiku, akashuka na mizigo na watoto, akavuka jukwaa kwenye baridi na kupanda treni nyingine. Magunia ya ngano, marobota ya sufu na ng'ombe walishushwa na kupakiwa upya, kwa mikono ya makuli, na gharama ikaingia katika bei ya kila kitu. Juu ya hayo kulikuwa na maofisa wa forodha, kwa sababu makoloni yalikuwa yakitozana ushuru kana kwamba ni nchi za kigeni. Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain alipita hapo mwaka 1895, akaandika kwa kejeli nyingi juu ya watu kuamshwa usiku kwa ajili ya jambo la kipuuzi namna ile.

Kabla ya kufika kwenye reli, Parkes alishughulika na kiwango cha aina nyingine, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Hospitali kuu ya Sydney miaka ya 1860 ilikuwa mahali pa kutisha. Uchafu na wadudu vilijaa wodini, na waliokuwa wakiwatazama wagonjwa walikuwa watu wasiofundishwa chochote. Mwaka 1866 Parkes, wakati huo akiwa Katibu wa Koloni, alimwandikia Florence Nightingale akiomba wauguzi waliosomea kazi. Nightingale alikuwa amefungua chuo cha uuguzi London mwaka 1860, katika Hospitali ya St Thomas', na hapo ndipo uuguzi ulipoanza kuwa taaluma yenye kanuni zinazofundishwa na kupimwa. Lucy Osburn na wenzake watano walifika Sydney mwezi Machi 1868. Wiki moja baadaye mwana wa Malkia Victoria, Prince Alfred, aliyekuwa akitembelea koloni, alipigwa risasi na mtu aliyetaka kumwua, na wauguzi hao wakamhudumia hadi akapona. Madaktari wengi hawakumpenda Osburn. Alipambana nao miaka mingi. Lakini kilichopandwa hakikung'oka. Dada zetu wengi hapa Sydney wanafanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee, na wengine walilazimika kusoma upya ili vyeti vyao vikubaliwe. Wanalalamika, nasi tunawaelewa, ila wanajua pia kwamba muuguzi wa Liverpool na wa Westmead wanafuata utaratibu mmoja, na mgonjwa hana haja ya kuuliza nani amempata leo.

Vivyo hivyo kuhusu elimu. Kwa sheria ya mwaka 1866 Parkes aliziweka shule zote zilizopata fedha za serikali chini ya baraza moja, lenye utaratibu wa kufundisha na kukagua walimu, na yeye mwenyewe akawa mwenyekiti wa baraza hilo. Sheria ya mwaka 1880 ililazimisha watoto kwenda shule kuanzia miaka 6 hadi 14. Makanisa yalimkasirikia sana kwa sababu ruzuku yao ilikatwa. Alikuwa mtoto aliyekosa shule, na hakulisahau hilo.

Hapa tungependa kumaliza sifa na kuendelea, lakini haitakuwa haki. Mtu huyu aliyetaka kila mtoto apate shule na kila mgonjwa apate muuguzi alikuwa na mpaka katika fikra zake, na mpaka huo ulikuwa rangi. Mwaka 1881 serikali yake ilipitisha sheria ya kuwatoza Wachina wanaoingia kodi ya pauni 10 kwa kichwa. Mwaka 1888, meli iitwayo Afghan ilipofika Sydney ikiwa na abiria wa Kichina, aliwazuia kushuka, wakiwamo waliokuwa na haki ya kisheria ya kushuka, na mahakama kuu ikaamua dhidi ya serikali yake. Badala ya kurudi nyuma akapandisha kodi hadi pauni 100. Undugu wa Waaustralia aliouhubiri ulikuwa undugu wa Waingereza. Mlango alioufunga yeye uliendelea kufungwa na waliomfuata hadi sera ya Australia ya weupe ilipotupwa kabisa mwaka 1973. Leo, ukitoka stesheni ya Canley Vale, mtaa uliobeba jina la kijiji chake, maduka mengi ni ya watu wa Vietnam, Kambodia na China, na pembeni kidogo tupo sisi, pamoja na Waashuri wa Iraq. Hatujui angesema nini. Pengine angefungua gazeti.

Tuje mwaka 1889. Parkes alikuwa na miaka 74. Meja Jenerali Bevan Edwards, aliyetumwa kutoka Uingereza kukagua ulinzi wa makoloni, alikuwa ametoa ripoti yake mwezi huo wa Oktoba. Alishauri majeshi ya makoloni yaunganishwe na reli ziwe za upana mmoja, kwa kuwa haingewezekana kusafirisha askari haraka kutoka koloni moja hadi jingine. Parkes alikuwa Brisbane akizungumza na viongozi wa Queensland. Alirudi kwa treni, akabadilisha treni mpakani kama abiria mwingine yeyote, na tarehe 24 Oktoba akasimama katika mji mdogo wa Tenterfield, ambao aliwahi kuwa mbunge wake, kwa karamu iliyoandaliwa katika ukumbi wa School of Arts.

Hotuba aliyoitoa usiku huo ndiyo iliyompa jina la Baba wa Shirikisho. Wengi wanaikumbuka kwa wito wake wa kuwa na bunge moja na serikali moja ya Australia nzima. Wachache wanakumbuka njia aliyopitia hadi kufika kwenye wito huo. Alianza na ripoti ya jenerali, akaeleza habari ya majeshi, akaeleza habari ya reli zenye upana tofauti. Kisha akauliza ni nani basi mwenye uwezo wa kuamuru upana mmoja. Gavana wa koloni moja hawezi, bunge la koloni moja haliwezi, na London iko mbali. Jibu likawa ni serikali ya wote. Kwa maneno mengine alilifikisha suala la chuma na taruma hadi kwenye katiba. Waliomsikiliza walikuwa watu wa Tenterfield, mji ulio karibu na mpaka wa Queensland na karibu na Brisbane kuliko Sydney. Waliijua adha hiyo vizuri.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba alikuwa anatafuta jina kabla ya kufa. Huenda. Mwanasiasa wa miaka 74 asiyetafuta jina sisi bado hatujamwona, na kwetu tunao wengi wa kulinganisha.

Mwezi Februari 1890 makoloni yalikutana Melbourne. Mwezi Mei mwaka huo Parkes alivunjika mguu katika ajali ya gari la farasi, na tangu hapo hakuwa na nguvu kama zamani. Hata hivyo mwezi Machi 1891 aliongoza mkutano mkuu uliokaa Sydney na kuandika rasimu ya kwanza ya katiba. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali yake ikaanguka na hakurudi tena madarakani. Clarinda alikuwa amefariki mwaka 1888. Alioa tena mwaka 1889, mke huyo naye akafariki mwaka 1895, na miezi michache baadaye akaoa mara ya tatu, jambo lililozua maneno mengi mjini. Alifariki tarehe 27 Aprili 1896 katika mtaa wa Annandale, Sydney, akiwa maskini. Alizikwa Faulconbridge, milimani, kando ya kaburi la Clarinda.

Shirikisho alilolipigania lilizaliwa tarehe 1 Januari 1901. Katiba yake, kifungu cha 51, inalipa bunge la shirikisho mamlaka juu ya vipimo na mizani, kwa hiyo kilo ya Perth na kilo ya Fairfield ni moja. Lakini reli zilibaki mikononi mwa majimbo. Bunge lingeweza kujenga reli ndani ya jimbo kwa ridhaa ya jimbo lenyewe tu. Kwa hiyo hata baada ya kuungana watu waliendelea kushuka Albury. Walishuka katika vita vya kwanza vya dunia, na walishuka katika vya pili, wakati Wajapani walipokuwa wakikaribia na risasi, chakula na mafuta vikihamishwa behewa hadi behewa mpakani, jambo lile lile ambalo Jenerali Edwards alilionya. Brisbane iliunganishwa na Sydney kwa upana wa 1,435 mwaka 1930. Melbourne ikafuata mwaka 1962, miaka 66 baada ya kifo cha Parkes na miaka 79 baada ya njia mbili kukutana Albury. Perth ilikuwa mwaka 1970, Melbourne na Adelaide mwaka 1995, na Darwin mwaka 2004. Katika miaka yote hiyo kila mtu alikubali kwamba upana mmoja ni bora. Walichokuwa wakibishana ni nani alipe gharama ya kubadilisha, na kadiri walivyobishana ndivyo reli za aina tofauti zilivyozidi kuwa ndefu na gharama kupanda.

Msomaji wa nyumbani atauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana.

Mwaka huo huo aliokufa Parkes, 1896, reli ya kwanza ya njia ya Uganda ililazwa Mombasa. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na njia nyingi za India, kulikotoka wafanyakazi na vifaa. Wajerumani waliokuwa wamekwisha anza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893 nao walitumia mita moja, na Reli ya Kati hadi Kigoma ikawa hivyo hivyo. Hawakukubaliana, ilitokea tu. Lakini katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza walipojenga kutoka Voi hadi Kahe, njia mbili za maadui ziliungana bila ya kubadilisha hata gurudumu. Kwa miongo kadhaa Mkenya, Mganda na Mtanganyika walikuwa na reli za upana mmoja, urithi ambao Waaustralia wangeulipia dhahabu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Reli zilibaki na upana ule ule. Kilichoondoka ni makubaliano. Wakati huo TAZARA ilikuwa imekwisha kamilika, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa upana wa 1,067 ili ilingane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Matokeo yake ni kwamba Dar es Salaam ikawa na reli mbili kubwa zisizoingiliana. Kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine kilifunguliwa Kidatu mwaka 1998. Kidatu ndiyo Albury yetu.

Sasa tuna reli za SGR. Ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ya Tanzania kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Zote mbili ni za milimita 1,435, sawa kabisa na reli iliyo mbele ya jengo lile la zamani la Fairfield. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini upana ni mwanzo tu wa kiwango. Treni za Kenya zilianza kwa injini za dizeli, za Tanzania zinaendeshwa kwa umeme. Wajenzi ni tofauti, waliofadhili ni tofauti. Baada ya upana kuna mambo ya ishara za njiani, breki, namna behewa linavyoungana na behewa, uzito ambao daraja linabeba, na lugha ambayo dereva anatumia kuzungumza na kituo. Reli hizo mbili hazijakutana popote. Tanzania inaelekea Mwanza, Kigoma na Burundi, Kenya inaelekea Uganda, na wenzetu wa mashariki ya Kongo wanasubiri waone ni ipi itakayowafikia.

Shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki limo katika mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Tume zimeundwa, mikutano imefanyika. Bado hatujasikia hotuba yoyote ya kiongozi wetu inayoanza na breki za mabehewa, iliyotolewa, tuseme, Namanga au Malaba, mbele ya watu waliokesha mpakani na malori yao.

Jumapili iliyopita tulikwenda Canley Vale kwa miguu. Tulikaa kwenye benchi la jukwaani na watoto, tukahesabu mabehewa ya treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea kusini. Mtoto mmoja aliuliza kama itasimama Albury. Tukamwambia inaweza kusimama, lakini hakuna atakayeamshwa kuhamisha mizigo.